Kiti cha Kulia

Eivind Torsvik alikuja kwetu Februari
na mgongo ulionyooka kama rula,
saa elfu mbili na mia tatu za ndege ya kivita,
na saa ya mkononi pana kama kisosi.
Umri, arobaini na mmoja. Nikampa kiti cha kulia.

Huku kaskazini mwa Norwe hatuna njia ndefu.
Berlevåg, Mehamn, Hasvik: vipande vya lami
vilivyobanwa kati ya mwamba na maji,
na upepo usiobisha hodi.
Nimetua huko miaka ishirini na miwili
kwa ndege ya pangaboi mbili, viti thelathini na tisa,
nikipeleka madaktari wa meno, barua, majeneza,
na mara moja kondoo dume mwenye tiketi yake.

Kambini kwao walituita madereva wa basi.
Sisi tuliwaita watoto wa serikali:
mafuta ya bure, anga ya bure,
wakichoka wanakuja kutufundisha kushika usukani.
Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Siku ya kwanza aliilaza ndege kama anayekwepa kombora.
Nyuma, kahawa ya Bibi Oddlaug ikahama kikombe.
"Taratibu," nikamwambia, "hakuna anayetufukuza."
Akacheka. Hakucheka tena hadi Vardø.

Kisha Machi, tukielekea Mehamn,
theluji ikipita mlalo, upepo ubavuni.
Tukashuka, hatukuona taa. Tukapanda.
Tukashuka tena: taa tatu, zikafutika.
"Ya tatu tutaipata," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyelelewa kuamini
kwamba kurudi mikono mitupu ni aibu.
"Tunakwenda Alta," nikasema.
"Kule nilikotoka..."
"Kule ulikotoka unavuta mpini, kiti kinakurusha nje.
Hapa safu ya saba kuna mama
amempakata mtoto wa wiki tatu.
Hana mwavuli ila wewe na mimi."

Kimya. Injini. Kifuta kioo.
Juu ya Porsangen ndipo akasema, bila kunitazama:
"Miaka kumi na saba nyuma yangu palikuwa na moto tu.
Sijawahi kuruka nikisikia mtu anakohoa."

Ningemjibu. Ningemwambia habari za mwaka tisini na tatu,
treni ya usiku hadi kwenye usaili wa jeshi la anga,
daktari aliyelipima jicho langu la kushoto mara mbili,
na barua ya mistari minne
ambayo mama aliiweka kwenye droo ya risiti.
Tangu siku ile kila ndege ya kivita niliiita kelele.
Sizitaki, mbichi hizi:
miaka thelathini nimeimung'unya kauli hiyo
na bado haijalainika.
Lakini mnara wa Alta uliita, nikajibu mnara.

Ngazini alimbebea yule mama begi la nepi,
akilishika mbali na mwili kama kitu kinachoweza kulipuka.
Mkahawani tukaagiza chapati za maziwa na jibini ya kahawia.
Kwa mazoea akakaa kulia kwangu,
akala, na kidogo, nadhani, akalia,
au ni mvuke wa kahawa tu.
Ndege mbili zikapasua anga juu ya paa,
vijiko vikatetemeka.
Alijua zimebeba nini kwa kuzisikiliza.
Mimi nilitazama dari muda mrefu kuliko ilivyostahili.
"Bado zinakuuma?" akauliza.
Sijui nani alimwambia. Labda hakuna.

Saa kumi jioni Mehamn wakasema upepo umelegea.
"Shika wewe," nikamwambia.
Akashuka polepole mno, kama anayebeba bakuli lililojaa,
magurudumu yakagusa, yakasita, yakakubali.
Nyuma, mahali fulani, mtu akakohoa.
Nikaliona bega lake likisikia.