Siku ya Kumi na Tisa

Mlinzi wa Muyeye aliandika kwenye daftari la langoni:
"Dama Kitsao. Kazi: uchochezi."
Nikacheka, nikamwachia.
Kosa lake lina ukweli: nauchokoza moshi wa vifuu vya nazi
mpaka ukubali kuwa mafuta.

Kitabu cha chuo kilisema kichocheo ni mshenga:
huwakutanisha wawili, hula pilau,
huondoka kama alivyokuja.
Hakikutaja mshenga anayezeeka
kwa kupita mlango uleule usiku na mchana.

Punje zangu za kobalti, ndogo kuliko vumbi la unga,
siku ya kwanza zilikaa mbalimbali, kila moja na uso wake.
Joto nyuzi mia mbili na ishirini.
Siku ya kumi na tisa nikafungua bomba:
zimekumbatiana kama vifaranga vilivyonyeshewa,
nyuso ndani, migongo nje,
migongo yenyewe myeusi kwa masizi.
Na kwenye chupa, kijiko kimoja.

Mara sita. Mara zote sita, siku ileile.

Karisa Mwadzombo, anayetuletea vifuu,
aliuliza lini atayatia hayo mafuta kwenye lori lake.
Nikamwambia, hujalipwa ya Machi, unauliza ya lori?

Na kiberiti!
Lugha yetu ilijua kabla yangu:
jina moja kwa kinachowasha
na kwa kile chenye harufu ya mayai viza
kinachopanda na moshi, kikaketi juu ya kobalti,
kikaizima bila neno.
Naichuja gesi kwa zinki. Kinapungua.
Hakiishi.

Mara ya saba nimejaribu udongo mweupe wenye vitundu,
kila punje chumba chake,
ukuta mnene kati ya jirani na jirani.
Mama, aliyetulea tisa katika vyumba viwili,
angetazama tu na kusema: hapo sasa watalala.

Saa nane usiku umeme ukakatika Malindi nzima.
Jenereta ikashika.
(Ya dizeli, naam. Usinitazame hivyo.)

Siku ya kumi na tisa sikufungua kitu.
Siku ya ishirini, tone.
Ya ishirini na tatu, tone juu ya tone,
maangavu kama maji ya dafu,
lakini yananuka barabara.

Sijamwambia mtu.
Ya ishirini na nne nimeiandika kwa penseli.