Dakika Kumi na Moja

Kituo cha mwisho, pale reli inapojikunja kama kwato,
tramu hupumzika dakika kumi na moja.
Miaka ishirini na sita nilizivuta dakika hizo:
sigara mbili, na ya tatu nusu,
nikiupulizia mji wa Riga moshi usoni.

Kisha daktari akaiinua dirishani picha ya kifua changu
akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Nikaacha.
Mapafu yalishukuru. Mikono haikushukuru.
Ilifungua droo, ikafunga droo,
ikahesabu sarafu zilezile mfukoni,
ikanilisha mbegu za alizeti
hadi midomo ikachubuka kwa chumvi.

Skaidrite wa njia namba saba
alinikuta nikibandua kwa kucha rangi ya mkono wa breki.
"Vilnis, utatumalizia mali ya manispaa."
Akatoa mkobani sindano tano,
nyembamba kama miiba ya samaki,
na donge la sufu ya kijivu
lililonuka kondoo na kabati.
Tano! Nami nilidhani ni mbili.
"Mbili ni za skafu," akasema. "Wewe unahitaji kazi."

Wanaosema samaki hukunjwa angali mbichi
hawakuniona mimi, mkavu wa miaka hamsini na miwili,
nikikunjwa kidole kimoja kimoja
na mwanamke mkali kama ratiba.
Ingiza. Zungusha. Vuta. Achia.
Niliingiza, nikazungusha, nikavuta.
Kuachia ndiko kulikonishinda.
Vitanzi vyangu vilibana hadi sindano zikalia;
kazi yangu ni breki,
na breki ndiyo lugha niliyozoea.

Wiki nzima nilifuma, nikafumua.
Maneno hayo yametengana kwa silabi moja tu
na jioni nzima.

Mama yangu alinifumia glavu kila msimu wa baridi.
Nilizisahau kwenye mabasi, mojamoja,
bila kugeuka nyuma.
Sasa nahesabu vitanzi vya safu moja, sitini na nne,
nahesabu safu,
naacha kuhesabu.

Januari, baridi digrii kumi na nane chini ya sufuri,
mkaguzi Guntars akagonga kioo.
Alinifumania nikifuma.
Nikaificha kazi chini ya koti kama mvulana,
sindano ikanichoma paja.
Akatazama saa yake. Akatazama paja langu.
"Zimebaki dakika nne," akasema.
Halafu, kwa sauti ambayo si ya idara:
"Bibi yangu alikuwa anapitisha uzi mwekundu
pale kidole gumba kitakapotokea.
Ukichelewa kurudi, unajua pa kuingilia."
Akashuka. Daftari lake halikufunguka.

Glavu ya kwanza ilikwisha Februari:
ndogo, ngumu kama kiatu,
ungeiweka mezani ikasimama yenyewe.
Ya pili ikaja mwisho wa Machi, laini, pana,
mkono wangu unageuka ndani yake.
Sindano zilezile, uzi uleule, vitanzi sitini na nne.
Nikampelekea Skaidrite, nikidhani nimekosea hesabu.
Akaziweka pamoja, akacheka hadi akavua miwani.
"Hukukosea hesabu," akasema,
wala hakueleza zaidi, njia namba saba ilikuwa inaondoka.

Nazivaa zote mbili. Abiria hutazama.
Msichana mmoja mwenye fidla mgongoni
aliniuliza nimezinunua wapi,
nikajibu vibaya kwa sababu ya aibu,
nikasema sokoni.

Sigara bado naitamani, sitadanganya,
hasa mvua inapoteremka kwenye kioo
na wipa moja haifanyi kazi.
Leo kuna rangi mbili, kijivu na nyeupe,
nyota yenye ncha nane ambayo kwangu ina saba.
Kengele inalia katikati ya safu.
Napitisha uzi mwekundu, naweka kitini.
Milango inafungwa.