Swali la Kwanza

Tumefika Matondoni na mizani, utepe, chuma cha kubana,
fomu ya kurasa kumi na mbili,
na swali la kwanza ni umri.

Bi Somoe Bwanadi ameketi kwenye dawati la darasa la tatu,
magoti yanagusa ubao.
"Umri? Andika mwaka wa mai, yale ya kwanda,
si haya yenu ya yuzi.
Mamangu alinizaa mai yako kizingitini."
Natafuta kisanduku cha mafuriko kwenye fomu.
Hakipo. Naandika: takriban 81.
"Takriban ni mwana wa nani?" auliza,
na Shekuwe, muuguzi wetu, anajifanya kukohoa.

Tunapima nguvu za kiganja.
Vidole vilivyosuka ukili tangu kabla ya barabara ya lami
vinabana chuma kama vinavyokamua tui la mwisho.
Kilo kumi na tisa. Ataka kurudia. Ishirini na moja.
"Sasa tembea mita nne, kama uendavyo dukani."
"Dukani natuma watoto."
Lakini anatembea, mkono mmoja ukishika hewa,
sekunde saba na nukta mbili.

Halafu damu.
"Mwaipeka api?"
Manda, Bi Somoe, halafu ndege, halafu Nairobi,
kwenye friji lenye baridi isiyo na jina huku kwetu.
"Basi itapanda ndege kabla yangu.
Iambieni isiogope."

Daktari Nyamvula amechora duara ubaoni kwa chaki ya manjano.
Kila chembe, asema, ina hesabu yake:
hugawanyika, hugawanyika, huchoka, hung'atuka.
Huo ndio uzee.
Saratani ni chembe iliyokataa kung'atuka.
"Kama mwenyekiti wetu wa ushirika!"
ni Bwana Famau, kutoka dawati la nyuma,
na darasa zima la wenye mvi linaangua kicheko,
mwenyekiti mwenyewe akicheka kwa kuchelewa kidogo.

Barafu tumenunua bohari ya samaki.
Kisanduku kinanuka changu.
Ndege imechelewa saa mbili, halafu tatu,
Shekuwe amekipakata kama mtoto mwenye homa,
kila robo saa anachungulia kipimajoto:
nne, nne, tano, leteni barafu, nne.

Hesabu ya wiki: watu arubaini na watatu,
mirija mia na ishirini na saba,
ilikuwa zaidi, miwili ilivunjika ngazini.
Ukurasa wa saba wa mtu mmoja wa Shela,
ule wa tumbaku na tambuu,
umetafunwa na punda. Tutarudi tumuulize tena.

Usiku, Langoni, naingiza majibu kwenye kompyuta,
umeme ukienda narudia.
Sharti liko juu kabisa, kwa herufi nzito:
washiriki wawe na miaka sitini na zaidi.

Mamangu alikuwa na hamsini na mbili.
Alificha uvimbe chini ya kanga miezi minane
kwa sababu nilikuwa na mtihani.
Shaaban hii angetimiza sitini.
Ningemkalisha kwenye dawati,
ningemwambia bana chuma, mama, kwa nguvu,
tembea mita nne,
hata kwa sekunde mia.

Sijui kwa nini nilifungua fomu mpya.
Jina: nikaandika.
Kijiji: nikaandika.
Umri: 52.
Mstari ukageuka mwekundu.
Umri haujatimia. Rekebisha.

Nikaitazama hadi betri ikaisha.

Alfajiri simu inalia, ni mjukuu wa Bi Somoe,
halafu ni Bi Somoe mwenyewe, anapiga kelele
kana kwamba Langoni ni ng'ambo ya dunia:
damu imefika? Na ile soda mloniahidi?

Imefika, nasema.
Soda nakuja nayo.