Kabla Hujalipa Ada

Umekuja na risiti zako kwenye mfuko wa rambo, Holo,
unauliza mahakama ikoje.
Kaa hapo juu ya gunia. Si hilo, hilo bichi.

Mimi nilianzia polisi.
Askari akanisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu:
"Mama Nkwimba, hili ni la madai, si jinai.
Hatumweki mtu ndani kwa kuwa anadaiwa."
Nikatoka nimenuna. Nilidhani kosa ni kosa tu.

Nikapanda Mahakama ya Mwanzo.
Jina lenyewe lilinipa moyo; sikujiuliza
mbona hakuna jengo lililoandikwa Mwisho.

Karani akataka maandishi. Nilikuwa nayo:
karatasi ya daftari la Sayansi la mwanangu,
upande huu mchoro wa jino, upande ule
*Mimi Lugembe nimechukua magunia ishirini na sita,
nitalipa nikitoka Lubumbashi*,
sahihi imekatika katikati, wino uliisha.

Ile mizani ya Mwaloni unaijua.
Haiendi ghalani kukagua, haiulizi nani kalala njaa.
Inapima ulichokipandisha.
Mahakama ndiyo hiyo.
Wala haidai ushahidi usio na tundu:
mshale ukiinama kwako kidogo, yatosha.

Tarehe ya kutajwa. Tarehe ya kusikilizwa.
Hakimu yuko semina Dodoma. Jalada halionekani.
Mdaiwa anaumwa, kaleta cheti cha zahanati.
Vuli ikanikuta kwenye benchi,
dagaa wangu wameanikwa juu ya mawe kule Igombe.
Walivyolowa, sikuwa na wa kumshitaki.

Siku yenyewe Lugembe akasema mzigo ulikuwa na unyevu.
Magunia yapi? Nani alishuhudia?
Akabaki anatazama viganja vyake.
Na mimi, nakuambia wewe tu,
nilijua matatu yalikuwa mabichi.
Nikaulizwa, "Ulimkabidhi ishirini na sita?"
Nikasema ndiyo.
Ndiyo ile ilikuwa kweli. Hakuna aliyeifunua chini yake.

Hukumu ilisomwa dakika kumi na moja. Nimeshinda:
fedha ya magunia kumi na saba, na gharama za shauri.
Nikasimama palepale, nikingoja pesa zitoke chini ya meza.
Karani akanionea huruma: "Sasa, mama, uombe kukaza hukumu."
Kukaza? Kama kamba ya gunia?
"Kama kamba ya gunia. Na kukaza nako kuna ada yake."

Dalali wa mahakama akaenda Nyakato na gari la kukodi
nililolipia mimi.
Kiwanja kina jina la shemeji. Friji ya mkopo.
Mbuzi ni wa mke, na mke anazo risiti.
Akarudi na baiskeli, na feni isiyozunguka.
Siku hizi Lugembe hutuma elfu thelathini kwa mwezi,
akikumbuka, kwa mkono wa kijana wa barafu.

Msiba wa mama yangu, sanda alinunua yeye.
Hilo halikuwemo kwenye hati ya madai,
halikuwa na mahali pa kuandikwa.
Asubuhi anapita Mwaloni, *mwangaluka* huyu, *mwangaluka* yule,
akinifikia mimi anakohoa.
Nilimuuliza karani kwa utani,
salamu nayo hukazwa kwa ada gani?
Hakucheka.

Sikukatazi, Holo. Deni lako kubwa kuliko langu,
na bila lile jino la Sayansi nisingepata hata feni.
Ila kapige kopi mbili kabla hujapanda,
na yale magunia yako yenye mchanga, kama yapo,
yahesabu wewe kwanza.