Pumba

Hapa Pekalongan mto hauwezi kutunza siri.
Ukitaka kujua watu watavaa nini sikukuu ijayo,
simama darajani asubuhi:
Jumatatu zambarau,
Jumatano kijani cha nyongo,
Ijumaa, mtu akichinja au asichinje, mwekundu.

Mimi ni mfuaji. Nachemsha batiki hadi nta itoke,
nasuuza, namwaga.
Miaka kumi na tisa namwaga.
Kucha zangu ni za buluu; nilimzika mama nazo.

Shemeji yangu Darsono ana kinu cha mpunga.
Kila mavuno pumba hulundikana nyuma ya kinu,
huzitia moto zikafuka juma zima,
mtaa ukakohoa, naye akasema: upepo tu.
Mwaka huu Kinasih, binti yangu, anayesoma kemia Semarang,
alizizima kabla hazijawa majivu,
akaja na gunia jeusi, jepesi kama limejaa usingizi.
"Mama, nipe pipa."

Kokoto. Mchanga. Pumba. Mchanga tena.
Nikamimina ndoo ya buluu kwa kiburi cha mzoefu,
nikangoja nimcheke.

Tone.

Halikuwa maji safi, nisiwadanganye.
Lilikuwa chai ya nyumba yenye uchoyo wa majani.
Lakini beseni lilipojaa nilitia mkono,
nikauona mkono wangu,
mistari yote ya kiganja,
chini ya maji ya kazi yangu mwenyewe.

Nikasimama kwenye kikao cha wenye karakana.
Mustakim, mwenye mapipa sitini, akaegemea kiti:
"Huyu ametuletea pumba."
Wakacheka hadi kofia zikapinda.
Ndiyo, bwana. Pumba. Gunia nne kwa juma.
Ninyi hodari wa kutenga mchele na pumba,
mchele mmeshakula;
niachieni mimi hizo nyingine.

Ila kuna jambo sikulisema kikaoni.
Pumba nazo hushiba.
Siku ya tisa pipa lilianza kutoa buluu,
kidogo, kwa aibu, kama mgeni aliyekaa mno.
Rangi haifi. Inahama.
Imehamia uani kwangu, magunia thelathini na moja
chini ya turubai lenye matundu,
na mawingu yameshaanza kujipanga upande wa mlimani.
Kinasih amemwandikia fundi wa matofali:
je, zitafaa kuchanganywa na udongo?
Fundi hajajibu.

Nakaa juu ya gunia moja, nakunywa kahawa.
Mto umepita mwekundu, wa Mustakim.
Ila hapa ukingoni, bomba letu linapodondosha,
pana kipande cha maji, upana wa mkeka, chenye rangi ya chai.
Bata wa jirani amekigundua.
Anazunguka humo humo, haendi mbali,
na kila akizamisha kichwa
nahesabu mpaka akiinue.