Friji la Mama

Friji letu lilikufa mwaka niliokuwa darasa la sita,
usiku wa umeme kwenda na kurudi mara tano.
Mama alilipangusa, akaacha mlango wazi siku mbili
kama mtu anayengoja roho irejee,
kisha akatia ndani leso zake, unga,
Msahafu mdogo wa marehemu babu,
na karatasi zetu zote.
Panya hawali chuma, alisema.

Hivyo ndivyo nilivyokua nikijua: karatasi hukaa kwenye friji.
Cheti cha kuzaliwa, rafu ya juu.
Matokeo yangu ya kidato cha nne,
chini kabisa, pale pa mboga.

Mtopanga tuna jina moja sote, vijana wa maskani.
Ukisimama, umesimamia nini? Ukikimbia, wakimbia nini?
Nilikaa miaka mitatu juu ya ubao ule
nikihesabu tuktuk.
Kisha Karisa akaja na fomu iliyokunjwa mara nne:
miezi sita, Kadzandani, karo imeshalipwa,
na chai ya saa nne.
Chai ndiyo iliyoninyanyua. Sitadanganya nikasema ni ndoto.

Karakana ni ya mabati, joto lake la kukaangia viazi,
na humo ndimo tunamofundishwa baridi.
Mwalimu Mbeyu ana kidole kimoja kisichokunjika
na hasemi hongera. Husema: tena.
Baridi, alituambia siku ya kwanza, haitengenezwi.
Hakuna kitu kinachoitwa baridi.
Kuna joto tu, nawe unalihamisha,
unalitoa humu ndani unalitupa kule nyuma,
na atakayegusa nyuma aungue kidogo
ajue kazi inafanyika.

Nililehemu shaba nikaitoboa. Tena.
Nililehemu ikavuja. Tukapaka povu la sabuni
tukatazama kiputo kikifura kwenye kiungo.
Pale, alisema, ndipo penye uongo wako.
Tunu alicheka hadi yake nayo ikavuja.

Mwezi wa tano tukaambiwa tukajitafutie mazoezi.
Hoteli ya Nyali ilitaka cheti cha tabia njema.
Nami nilishikwa siku ile ya msako
nikiwa nimebeba mkate.
Alama za vidole vyangu ziko huko hadi leo,
zamngoja nani, sijui.
Nimeandika barua. Nimelipa. Wamesema wiki mbili,
na wiki mbili za ofisini huwa na mwezi ndani yake.

Basi Jumapili nikaja nyumbani na mkoba wa koleo,
nikamwambia Mama: toa vitu.
Akatoa leso, moja moja, kama mtu asiyetaka kuhama.
Akatoa unga. Akatoa karatasi zangu.
Bahasha ya mwisho hakuitoa.
Naijua. Kitambulisho cha Lali, kakangu,
na picha yake ndogo, shati la kuazima,
Lali aliyetoka kwenda kutazama mpira
miaka saba iliyopita, chai yake ikabaki mezani.
Humu hailowi, Mama alisema. Humu hailiwi.

Nikakaa sakafuni, nikafungua nyuma.
Kompresa ilikuwa nzima.
Ni relei tu iliyoungua, kidude cha kuenea kiganjani,
shilingi mia tatu na hamsini pale Mwembe Tayari.
Miaka tisa ya kabati, kwa hizo.
Bei sikumwambia.

Saa kumi na moja likanguruma.
Mama aliruka, kisha akaliwekea kiganja ubavuni
kama unavyompima mtoto homa.
Nyuma likaanza kupata moto.
Kitoto cha jirani kikachungulia dirishani kuuliza
kama barafu za ukwaju zimerudi,
na hakikuwa kimezaliwa zilipokuwako.

Bahasha anayo, kifuani, ndani ya leso.
Anazunguka nayo chumbani, hajui aiweke wapi.
Hilo sijafundishwa.
Umebaki mwezi mmoja.