Milimita Mia Sita

Lenzi hii nimeilipia miezi minane.
Ndivyo nisemavyo kwa utani nikiulizwa bei:
miezi minane kwa mwezi mmoja.
Orest aliyeniuzia, fundi redio mstaafu,
aliifunga kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuoga,
akanionya: hii haisamehe mkono unaotetemeka.

Mkono wangu unatetemeka.
Saskatoon, Februari, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
maegesho ya magari nyuma ya dobi la hospitali,
saa mbili usiku, mapumziko yangu ya nusu saa.
Betri moja kamerani, ya pili kwapani,
naiatamia kama yai,
maana baridi hii hunyonya chaji
kabla hujamaliza bismillahi.

Stendi sina. Nina mfuko wa maharage, kilo mbili,
juu ya paa la gari la Delphine.
Maharage hukumbatia lenzi kuliko chuma;
kesho yataingia chunguni
bila kujua yaliwahi kubeba nini.

Mwezi unachomoza nyuma ya ghala la ngano,
wa usiku wa kumi na sita, ukingo umeanza kuliwa.
Picha ya kwanza: doa jeupe,
kama mtu kamwaga maziwa kwenye lami.
Kamera imedanganywa na giza.
Imeona usiku mwingi, ikakodoa jicho kupita kiasi,
haijui kwamba kule juu ni mchana,
kwamba lile ni jiwe limeanikwa juani
na mimi niliye kizani
nachungulia tu uani kwa jua.

Napunguza. Moja ya mia mbili na hamsini.
Natoa pumzi yote, inaganda kwenye nyusi,
nabonyeza.

Ahaa.

Vishimo ukingoni. Bahari zisizo na tone.
Na pale chini, michirizi imetawanyika kutoka shimo moja
kama ufa wa kioo kilichopigwa jiwe.
Lakini haukai! Nikiuweka katikati
unateleza kulia, unatoka.
Nasogeza mfuko. Unatoka tena.
Naulaani mpaka nakumbuka
kwamba anayekimbia ni mimi,
mimi na maegesho haya, na mto ulioganda,
na dobi lenyewe na mashuka yake mia nne ya usiku wa leo.

Muheza ni saa kumi na moja alfajiri.
Napiga. Mama yuko uani na birika la udhu.
"Tazama mwezi, mama."
"Uko wapi?"
"Magharibi, juu ya bati la kina Semkiwa."
Kwangu unapanda, kwake unashuka,
na baina yetu sijui ni maili ngapi, sijawahi kuzihesabu,
nahesabu nauli.

Namtumia picha, ile kali.
Kimya. Nasikia maji yakidondoka.
"Nani huyu? Ana ndui?"

Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili,
na foleni ya upasuaji imemwambia Septemba.
Simu ameileta mpaka puani, najua,
ndivyo anavyosoma hata jina langu.
Kidole kilichokufa ganzi kinateleza,
kinamtumia na lile doa la kwanza,
lililoungua, ambalo nilikuwa nalifuta.

"Ee! Huu sasa.
Huu ndio. Ndivyo ulivyo hapa, hivi hivi,
umewakawaka hauna mwisho.
Wewe huko umeupataje?"

Nimekosa la kumjibu.
Nasema, "Kwa bahati tu, mama,"
naye anasema nivae kofia, na simu inakatika.

Betri ya kwapani bado ina joto. Naibadilisha.
Kisha, makusudi, naizungusha pete ya lenzi,
kidogo, kidogo tena,
milima ikafutika, ukingo ukayeyuka,
mpaka nikaacha kujua unaishia wapi.
Nikatazama hivyo kwa muda,
bila kubonyeza.

Delphine anagonga dirisha:
mashine ya tatu imesimama.